Niliyempigia Magoti Njia ya Kwa Kina Skola

Msiniulize kwanza. Ngojeni nivue suruali hii yenye tope magotini, nikae, niwaeleze mwenyewe kabla Mzee Lukas hajawafikishia ya kwake. Leo nimeaibika ukweni. Si aibu ya kumwaga mchuzi au kusahau jina la mkwe. Nimeaibika mpaka bibi yake Skola, mama mzima anayetembelea fimbo, ameshindwa kusimama kwa kucheka.

Mnajua nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Skola. Tangu juzi nimewasumbua humu chumbani, kwa huyu nimeazima tai, kwa yule viatu. (Viatu vyako vipo, Sande. Vimelowa tu. Nitafika huko.) Na mnamjua Mzee Lukas, yule fundi cherehani wa Majengo ambaye baraza lake linatazamana na meza yangu ya mitumba. Yeye ni mzaliwa wa kijiji cha kina Skola, ndiyo maana nikamwomba awe mshenga wangu. Mtu mpole, anaheshimika. Ana kasoro moja tu: akianza hadithi haachi mpaka msikilizaji augue.

Asubuhi tulipata lifti ya lori la hawa wanunuzi binafsi wa tumbaku, lilikuwa linakwenda Namtumbo. Likatushusha njia panda, likaondoka. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Na ukungu. Ukungu wa miezi hii mnaujua, lakini mnaujua wa hapa Lizaboni, unaoishia kwenye bati la jirani. Kule bondeni ulikuwa umelala chini kabisa. Nikinyoosha mkono, kikapu cha zawadi nilichoshika sikukiona vizuri.

Tukashika njia ya miguu. Mzee Lukas mbele, mimi nyuma na kikapu: blanketi la bibi, koti la baba mkwe, sukari na majani ya chai. Koti lile nililichagua mwenyewe robota la mitumba lilipofunguliwa, kabla mteja yeyote hajaligusa. Nilikuwa najisikia mwanamume.

Tulipovuka kijidaraja cha magogo, Mzee Lukas akapunguza sauti.

"Eliasi, Skola amekueleza habari za Mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Mlinzi wa chemchemi. Hatumwiti jina lingine. Njia hii inapita kwake."

Nikacheka kidogo. (Kumbukeni kicheko hicho. Ndicho cha mwisho kwa leo.) Nikamwambia sisi Singida mtoto anafundishwa kuogopa fisi na ukame, hayo mengine hatuna nafasi nayo.

Hakucheka. "Ni mnyama," akasema, "lakini si mnyama mmoja. Ana miguu minne na pembe. Mgongoni ana mabawa. Mkia wake ni wa ndege. Na hapa kooni pana kitu chekundu kama kaa la moto. Sauti yake ni ya maji yanayochemka ndani ya chungu kilichofunikwa."

"Wewe umemwona?"

"Marehemu baba yangu alimwona. Alirudi nyumbani hasemi, akakaa hivyo mpaka mavuno."

"Anakula watu?"

"Hali. Analinda vya kwetu. Maji, mbegu, mifugo, watoto. Mtu wa nje akija kuchukua kitu cha kijiji, anamkuta njiani kumpima nia."

Tukatembea kidogo. Nilisikia viatu vyangu tu kwenye nyasi. Nikauliza, kama mtu anayeuliza jambo lisilomhusu, "Binti naye anahesabika ni kitu cha kijiji?"

"Sasa binti ni wa wapi?"

Kuanzia hapo nikaanza kutazama pembeni. Nikajiambia, Eliasi, wewe umemaliza kidato cha nne. Umekaa ofisini na taipureta mpaka walipotupunguza. Huwezi kuogopa kitu chenye mkia wa ndege. Lakini ukungu hauna habari na kidato cha nne. Kila kichaka kilikuwa na pembe.

"Na mtu akimkuta afanyeje?" nikauliza. (Kwa faida ya elimu tu.)

"Usikimbie. Piga magoti, mwamkie, jitaje wewe ni nani na umekuja kuchukua nini. Mweleze ukweli. Akiridhika atakupisha."

"Asiporidhika?"

Mzee Lukas akasimama. Nilidhani amesimama kwa uzito wa swali. Kumbe alikuwa ameshika tumbo.

"Tangulia," akasema. "Ile chai ya maziwa ya stendi haikunikubali. Nenda polepole, njia ni moja hii hii. Nitakukuta."

"Nitakusubiri hapa hapa, mzee."

"Eliasi, mimi nakwenda kujisaidia. Utanisubiri ukinitazama?"

Akapotelea porini. Mimi nikatangulia. Niseme ukweli, nilitembea kama bibi harusi wa pwani, hatua ya kuku. Njia ikaingia kwenye miti mikubwa, ile isiyokatwa na mtu, ina magamba ya kijani na mizizi iliyotoka nje kama magoti ya wazee. Chini yake palikuwa na giza ingawa jua lilikwishatoka huko juu. Nikasikia maji yanatiririka. Hapa ndipo, nikajisemea. Pita haraka, usitazame.

Nikasikia kitu kinapumua.

Kisha, karibu kabisa, mbele yangu: golo-golo-golo-golo.

Maji. Yanachemka. Ndani ya chungu. Kilichofunikwa.

Ndugu zangu, damu ilinishuka yote ikaenda kwenye viatu vya Sande. Ukungu ukasogea kidogo, nikamwona. Amesimama katikati ya njia, umbali wa kutoka hapa mpaka mlangoni. Miguu minne, naiona. Pembe mbili zimepinda nyuma, naziona. Juu ya mgongo mabawa meusi yamefunguka nusu, na nyuma yake mkia umetanuka kama ungo uliosimamishwa. Na pale shingoni, juu kidogo ya pembe, kitu chekundu, kinyevu, kinaning'inia na kutikisika.

Nilitaka kukimbia. Si kwamba nilikumbuka maelekezo, hapana. Miguu ilikataa. Ikakunjika yenyewe, nikajikuta nimepiga magoti kwenye tope la chemchemi, kikapu kifuani.

"Shikamoo," nikasema.

"Golo-golo-golo-golo."

Alijibu. Mungu wangu, alijibu. Nikaanza kutetemeka mpaka majani ya chai yakawa yanalia kwenye pakiti.

"Naitwa Eliasi," nikaendelea, kwa sauti kubwa zaidi ili nisirudie. "Kwetu ni Singida. Nauza mitumba pale Majengo. Sina ubaya na mtu."

"Golo-golo-golo-golo!" Naye akapandisha sauti. Na yale mabawa akayakung'uta.

Nikaona hajaridhika. Nikatoa koti, nikaliweka mbele yake. Nikatoa blanketi, nikalitandaza. Sukari nikaiweka juu ya blanketi. Nikavua viatu vya Sande, nikavipanga pembeni ya sukari. (Sande, ningekuwa na kingine ningekitoa. Sikuwa nacho.) Yeye akapiga hatua moja mbele. Kwato. Nilizisikia kwenye tope.

Hapo akili ikanihama. Yaliyofuata nimeyasikia kutoka kinywani mwangu kama ninyi mnavyoyasikia sasa.

"Kama ni lazima umchukue mtu," nikasema, "mshenga wangu yuko hapo nyuma, kwenye kichaka cha kushoto. Ni mwenyeji. Amenona kuliko mimi."

"Golo-golo-golo."

"Na kama ni kwa ajili ya Skolastika, basi nimemwacha. Namrudisha kwenu. Sijamgusa, ni mikononi tu. Abaki na maji yenu na mbegu zenu. Mimi nitaoa kwetu Singida."

Kisha nyuma ya mti, mkono wangu wa kulia, sauti ya mwanamke ikauliza taratibu:

"Utaoa wapi?"

Nikageuza shingo. Skola. Amechutama nyuma ya mzizi, amevaa gauni lake zuri la kupokea wageni, amelikunja mpaka magotini, na mkononi ana punje za mahindi.

Sikuelewa. Nilifikiri ndivyo mtu anavyokufa, anaona wapendwa wake. Lakini upande wa kushoto nao ukaongea, sauti ya mwanamume mzima.

"Usisimame, kijana. Ukisimama ataruka."

Alikuwa baba yake. Nilimjua kwa picha. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, mikono ameinyoosha mbele, amejaa umande mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake bibi wa watu na fimbo yake, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanacheka yenyewe.

"Mrushie hilo blanketi," baba mkwe akaninong'oneza. "Polepole. Usimtishe."

Mimi nimtishe.

Ndugu zangu, Mwenyewe alikuwa batamzinga. Baba Skola alikuwa amemnunua misheni kwa heshima yangu, ili mgeni asile kuku kama siku zote. Alfajiri batamzinga akakata kamba akatoroka. Familia nzima ikaingia porini kumtafuta, na wakamkuta amepanda juu ya beberu wao aliyefungwa pale ale nyasi, amekaa mgongoni anaota joto, maana nyasi zilikuwa na umande. Walikuwa wamemzunguka kimya, wanaonyeshana ishara tu, wakisogea hatua kwa hatua. Ndipo nikatokea mimi. Wakanyamaza ili nisimshtue. Wakasikiliza yote. Neno kwa neno. Na mnafahamu kuwa batamzinga ukimsemesha kwa sauti anakujibu? Mimi nilikuwa sifahamu. Sijawahi kumwona ndege huyo maishani mwangu.

Beberu, hata hivyo, nimewahi kuona. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nimechunga mbuzi tangu nilipojua kutembea. Na leo nimemwamkia mbuzi.

Nikarusha blanketi. Liliwafunika wote wawili, baba mkwe akaruka kama golikipa, na chini ya blanketi jipya la bibi kukawa na vita ambayo siwezi kuieleza nikiwa nimekaa na watu wanaokula. Batamzinga alikamatwa. Blanketi, tuache.

Mzee Lukas akatokea wakati huo, anafunga mkanda. Akatuangalia wote. Skola akamwambia, bila kunitazama, "Shikamoo babu. Tumeambiwa umenona."

Tukaenda nyumbani. Hakuna aliyesema kitu njia nzima isipokuwa batamzinga. Mimi nilikuwa pekupeku, viatu mkononi vimejaa maji. Hofu ya mnyama ilikuwa imetoka, lakini mahali pake ilikuwa imeingia hofu nyingine, nayo niliiona mbaya zaidi. Skola alitangulia mbele kabisa na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mnaomjua mnajua maana yake. Nilipenda mgongo ule tangu siku ya kwanza alipokuja mezani kwangu kubishana bei ya sketi, na sasa ulikuwa unakwenda zake.

Tukakaribishwa sebuleni, tukapewa togwa. Mzee Lukas alitakiwa aniombee kwa maneno matamu, ndiyo kazi ya mshenga. Alikuwa amejiandaa siku nyingi, hata mithali alikuwa nazo. Akasimama, akakohoa, akasema, "Wazee, kijana ndiye huyu. Mmemsikia mwenyewe." Akaketi.

Baba Skola akamwita binti yake. Akaja, akasimama mlangoni.

"Skolastika, hawa wageni unawafahamu?"

Mnajua utaratibu. Msichana akisema anawafahamu, mazungumzo yanaendelea. Akisema hawafahamu, mnaaga. Akamtazama Mzee Lukas, akanitazama mimi. Nilisikia kuku nje, nikasikia kuni jikoni. Nilikuwa nimeogopa pale chemchemini, lakini pale nilipiga kelele. Hapa hata sauti sikuwa nayo.

"Mzee namfahamu," akasema. "Huyu mwingine namfahamu kidogo. Ni yule aliyeniacha mbele ya mbuzi."

Hapo ndipo bibi alipoanguka. Kweli, aliteleza kutoka kwenye kigoda, akakaa sakafuni, fimbo kule, machozi yanamtoka. Baba Skola alijitahidi, alikunja uso, alitazama dari, halafu naye akashindwa. Mzee Lukas akacheka kwa kisasi. Hata Skola aliuma mdomo. Ni mimi tu niliyebaki nimeinamisha kichwa nikihesabu vidole vyangu vya miguu.

Bibi aliponyanyuliwa akafuta macho. Akaniita nisogee, akanishika kidevu kama mtoto.

"Nisikilize, mjukuu," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mahali ulipopiga magoti ndipo penyewe. Hapo hapo. Mume wangu alipiga hapo. Hakuna aliyekuonyesha, umejionea. Mtu anayepita pale anatema mate na kupiga mluzi, huyo simpi mjukuu wangu. Wewe umeogopa. Vizuri. Lakini umemtoa mwenzako ili upone wewe, hilo ni lako na Skola. Mimi siliingilii."

Maneno yale ya mwanzo yalinisimamisha nywele upya. Ndipo penyewe. Ina maana yupo.

Chakula kikaletwa. Batamzinga. Baba Skola akachagua firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu. "Mpeni mgeni," akasema, "wameshazoeana." Nilitafuna. Haikushuka mpaka nilipoisindikiza na togwa.

Majibu ya posa tumeambiwa tutayapata wakikaa kikao cha ukoo. Tukaaga. Skola akaambiwa atusindikize mpaka njia panda. Mzee Lukas akatangulia, hataki kutembea karibu yangu.

Tulipofika kwenye miti ile ukungu ulikuwa umeondoka. Mwanga uliingia vipande vipande, na maji yalikuwa meupe tu, ya kawaida. Skola akasimama.

"Ungeniacha kweli?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba nilichanganyikiwa, kwamba ni Mzee Lukas na hadithi zake. Nikamtazama, nikaona macho yake yamevimba kidogo. Alikuwa amelia jikoni. Sisi tulipokuwa tunakula batamzinga, yeye alikuwa analia.

"Niliogopa, Skola," nikasema. "Sijawahi kuogopa vile. Kwa dakika ile ningeacha hata jina langu."

"Mimi nilikuwa pale nikawa najisemea, sasa hivi atasema ananitaka. Nilikuwa nimechutama, miguu imekufa ganzi, nasubiri useme hivyo. Ukasema mikononi tu."

Nikainama, nikakwangua tope lililokauka magotini.

"Basi mwambie sasa," akasema. "Yeye. Si batamzinga. Mwambie umekuja kuchukua nini."

Nilitazama mahali pale. Alama za magoti yangu zilikuwa bado kwenye tope. Hapakuwa na mnyama, hapakuwa na ukungu, jua lilikuwa linawaka, na nawaapia niliogopa kuliko asubuhi. Asubuhi nilikuwa nazungumza na kitu ninachokiona. Mikono ilinitetemeka. Skola aliiona ikitetemeka, akaiacha itetemeke, hakuishika.

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti kwamba mimi ni Eliasi wa Singida, nimekuja kumchukua Skolastika, na simrudishi, hata nikiulizwa na mwenye pembe. Sauti ilikatika katikati, nikaanza upya. Mara ya pili ikafika mwisho.

Tukasubiri. Maji yalipita. Jani likaanguka, nikaruka pembeni. (Ndiyo, niliruka. Jani.)

Skola akanishika mkono. "Hajakataa," akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea bega langu, na akaendelea kucheka mpaka njia panda, kila akinitazama anaanza tena.

Basi ndiyo hayo. Sande, viatu nitavianika. Ninyi wengine chekeni sasa hivi nikiwa nimegeukia ukutani, mmalize kabisa, maana kesho nina wateja, na mtu atakayeniamkia sokoni kwa sauti ya ndege, suruali nitamuuzia bila zipu.